Upinde wa mutoto: namna ya kuuchonga, na namna ya kulinda macho ya watoto

Vakansi kubwa ikifika, kaye zinawekwa pembeni na watoto wanaanza kutafuta la kufanya. Huyu anachonga chukudu ndogo, huyu anafunga mupira wa masashe, na kila mara kuna mumoja anayekata kijiti, anakikunja, anafunga uzi, na tayari ana upinde. Mara nyingi upinde wa namna hiyo unavunjika siku ileile. Ao, mubaya zaidi, unatupa mushale wa ncha kali pahali ambapo mutoto mwingine amesimama.

Katika makala hii tunaeleza namna mutu mukubwa anaweza kumutengenezea mutoto upinde wa muti, kwa njia ya wazee: muti gani ukate, urefu gani, namna ya kuchonga, kamba gani, na mishale gani inafaa mukono wa mutoto. Tunaeleza pia ni kwa nini wazazi wengi huku kwetu hawapendi kabisa kuona upinde ku mukono wa mutoto, na nini kinaweza kufanywa juu ya hilo.

Upinde huku kwetu

Mu pori la Ituri, wenyeji wa pori wanawinda kwa njia mbili kubwa. Wambuti wenye kuishi pamoja na Wabira wanajulikana sana kwa nyavu: wanaume wanatandika nyavu, wanawake na watoto wanafukuza nyama. Colin Turnbull, Muingereza aliyeishi nao karibu na muto Epulu, alifanya wawindaji hao wajulikane dunia nzima kwa kitabu chake cha mwaka wa 1961. Lakini Waefe, wenye kuishi upande wa Walese, wao ni watu wa upinde. Upinde wao ni mufupi, sababu mu pori lenye kufungana mutu hawezi kupita na muti murefu. Kamba yake si uzi wa duka: ni utepe wa kekele uliopasuliwa na kukwaruzwa mpaka unakuwa mwembamba.

Mishale yao ni ya aina mbalimbali. Kuna ya ncha ya chuma, ambayo zamani walipata kwa wanakijiji kwa kubadilishana na nyama, ya kuwindia nyama kama mboloko. Kuna ya muti mutupu, ncha imechongwa na kupakwa sumu, ya kuwindia nyani juu ya miti. Nyuma ya mushale hawaweki kila mara manyoya: wanapasua kidogo fimbo ya mushale na kupitisha jani gumu, na jani hilo ndilo linafanya mushale uende sawasawa. Ku kiwiko cha mukono wa kushoto, pahali kamba inapiga, muwindaji anavaa kifuko cha ngozi ya nyani kilichojazwa, ili kamba isimuumize.

Mutoto wa Kiefe anapewa upinde mudogo akiwa bado mudogo sana, na hakuna mutu anamupa masomo. Anafuata kaka zake, anapiga matunda na majani, na anaangalia. Kidogo kidogo mukono unajua.

Kwa upande wa kusini, kwa Waluba wa Katanga, upinde ulifika mpaka kwenye ufalme. Katika masimulizi yao, Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga, alikuwa muwindaji aliyetoka mbali. Wafalme waliofuata walikuwa na kitegemezo cha upinde, kilichochongwa kwa muti ao chuma, chenye matawi matatu, na hakikuonyeshwa ovyo mbele ya watu. Vingi vya vitu hivyo vilipelekwa Ulaya, na vingine vinaonekana leo ku muzeyo ya Tervuren kule Ubelgiji.

Kwa hiyo mutoto anapoomba upinde, haombi kitu cha kigeni. Anaomba kitu ambacho babu yake, ao babu wa jirani yake, alijua kukitengeneza na macho yamefungwa.

Juu ya nini wazazi wengine wanaogopa

Hata hivyo, tuseme wazi. Katika vita ya Ituri, kati ya mwaka wa 1999 na 2003, watu waliuawa kwa mapanga na kwa mishale, si kwa bunduki peke yake. Kuna wamama ambao wakisikia tu kamba ya upinde ikilia wanakumbuka siku hizo. Na kuna watoto wengi waliochukuliwa na kufanywa askari. Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilimupata Thomas Lubanga na hatia katika Machi 2012 kwa sababu ya kuwaingiza katika jeshi watoto wenye hawajafika miaka 15 na kuwatumia katika mapigano. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza mambo hayo bila kona.

Mambo hayo hayafanyi upinde wa mutoto kuwa kitu kibaya. Lakini yanaomba mukubwa awe na akili. Kama munaishi karibu na pahali pa mapigano, karibu na barriere, ao katika kambi ya wakimbizi ambamo watu wametoka upande mbalimbali, upinde ubakie ndani ya lupango. Mutoto asitembee nao barabarani. Askari mwenye woga, ao kijana wa kundi fulani, anaweza kuona kitu ambacho hakiko. Ongeeni kwanza na majirani: «Tunataka kuwafundisha watoto mchezo wa kupiga shabaha, mishale haina ncha.» Neno moja mbele ya mchezo linaokoa maneno mia nyuma yake.

Na pia kuna njia ya kusema mambo hayo na mutoto mwenyewe. Mumwambie kwamba upinde ulikuwa kwanza kitu cha kulisha watu. Mutoto anayeshika neno hilo mapema, ni vigumu mutu amudanganye kesho kwamba upinde ni wa kumuelekezea mwenzake.

Muti gani ukate

Muti wa upinde unapaswa kufanya mambo mawili: kukunjika bila kuvunjika, na kurudi sawa nyuma ya kukunjika. Muti laini unakunjika lakini haurudi. Muti mukavu sana uliokufa unarudi kwa siku moja, kisha unapasuka.

Karibu na nyumba, miti hii inafaa:

– Mupera. Ni muti mugumu, wenye nyuzi zilizofungana, na matawi yake yanavumilia sana. Ndio wa kwanza kutafuta.

– Kahawa. Machipukizi marefu yenye kutoka chini ya shina yanakuwa sawa bila matawi mengi. Mukulima anayatosha kila mwaka, kwa hiyo haumuibi kitu ukimuomba.

– Mulimau ao muchungwa. Ni mizuri, lakini utatosha miiba yote na kuangalia mafundo.

– Mianzi. Hapa hauchukue muti wa duara. Pasua vipande viwili ao vitatu vya upana wa santimetre 2, kimoja kirefu na vingine vifupi, uvifunge pamoja kwa nguvu. Upande wa nje, ule wenye kungaa, ndio wenye nguvu: uangalie mbele, kule mushale unaenda. Kwaruza pembe zake, sababu mianzi inakata kama wembe.

Usichukue shina la muhogo: ndani kuna uboyo, linakatika mara moja. Usichukue mupapai. Na usiguse ile miti ya kuzungushia lupango inayotoa maziwa meupe; maziwa yake yanachoma ngozi, na yakiingia katika jicho ni hatari kubwa. Usikate pia muti ambao haujui, sababu mutoto mudogo ataweka upinde mu kinywa tu.

Kama unaishi ndani ao karibu na Hifadhi ya Okapi, ile iliyoanzishwa katika mwaka wa 1992, kumbuka kwamba kuna sehemu ambazo kukata na kuwinda hakuruhusiwi. Tawi la mupera la nyuma ya nyumba linatosha. Hauna lazima ya kuingia mu pori juu ya mchezo wa mutoto.

Chagua tawi lililo sawa, bila fundo kubwa, la unene wa kidole gumba cha mutu mukubwa ao zaidi kidogo. Likate likiwa refu kupita lile unalotaka, hata kwa santimetre 20, juu miisho inapasuka wakati wa kukauka.

Kukausha

Wengi wanashindwa hapa, sababu mutoto anataka upinde leo. Muti mubichi unachongeka vizuri, lakini ukiufunga kamba palepale, kesho umebaki umepinda kama kwato ya mbuzi, na mushale unaanguka mbele ya miguu. 

Upakae miisho yote miwili buji iliyoyeyuka ao rangi, ili maji yasitoke kwa haraka pale. Acha ganda ku muti. Uulaze pahali penye kivuli na hewa, chini ya paa kwa mufano, haupaswi kuguswa na jua wala moshi mukali. Kwa tawi la unene huo, majuma 3 ao 4 yanatosha. Katika musimu wa mvua ongeza mawili. Ukiinua muti na kuona umekuwa mwepesi, na ukiugonga unalia badala ya kunyamaza, uko tayari.

Wakati wa kungoja usiwe wakati wa bure. Mutoto atafute matete ya mishale, akaushe majani, na ajifunze sheria za mchezo ambazo tutaeleza hapo chini.

Vipimo kufuatana na umri

Kanuni ya haraka ni hii: upinde ukisimamishwa chini, ufike ku kifua ao ku kidevu cha mutoto. Ukiwa mufupi sana, unakunjwa kupita nguvu yake na unavunjika. Ukiwa murefu sana, mutoto anajikwaa nao.

– Miaka 4 mpaka 6: upinde wa santimetre 70 mpaka 85. Mutoto anavuta kamba mpaka santimetre 30 ao 35 kutoka ku upinde. Nguvu: kilo 2 mpaka 4.

– Miaka 7 mpaka 9: santimetre 90 mpaka 105. Anavuta mpaka 40 ao 45. Nguvu: kilo 4 mpaka 6.

– Miaka 10 mpaka 12: santimetre 110 mpaka 125. Anavuta mpaka 45 ao 55. Nguvu: kilo 6 mpaka 9.

Namna gani utajua nguvu ya upinde bila kilo ya soko? Tumia bido ya maji. Litre moja ya maji ni kilo moja. Ukimaliza kuchonga na kufunga kamba, utundike upinde kwa katikati ku musumari munene ao ku tawi, kamba ikiwa chini. Funga bido ku kamba, na uongeze maji polepole. Kamba ikifika ule umbali ambao mutoto atavuta, simama uhesabu litre zilizo ndani. Kama ni litre 8 na mutoto ana miaka 6, upinde ni mugumu sana kwake, chonga tena.

Kuchonga

Vyombo: panga ya kukatia, kisu kikali, na kipande cha chupa ao jani la ule muti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kazi ya kisu na ya chupa ni ya mutu mukubwa. Mutoto anaweza kukwaruza kwa jani.

Kwanza jua muti unataka kukunjika upande gani. Simamisha mwisho mumoja chini, shika mwisho wa juu kwa mukono mumoja, na katikati sukuma polepole kwa mukono mwingine. Muti utazunguka wenyewe mpaka upate upande wake. Upande uliotokeza nje ndio mugongo wa upinde, ule utaangalia mbele. Upande wa ndani ndio tumbo, ule utaangalia mutoto.

Sasa shika neno moja, hata kama utasahau mengine: mugongo hauchongwe. Tosha ganda tu, bila kukata nyuzi za muti. Upinde unapokunjwa, mugongo unavutwa na tumbo linabanwa. Ukikata nyuzi za mugongo hata pahali padogo, ufa utaanza hapo hapo. Pinde nyingi za watoto zinavunjika juu ya kosa hilo moja.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Pima katikati na utie alama. Acha santimetre 8 mpaka 10 hapo katikati bila kuchonga: ni pahali pa mukono. 

2. Kutoka pahali pa mukono kwenda kila mwisho, punguza muti upande wa tumbo tu, polepole, ili ukonde sawasawa. Katikati ubaki na unene wa kidole gumba. Ku miisho uwe kama kidole cha mwisho.

3. Kila unapotosha kidogo, simama, kunja upinde kidogo, angalia. Miisho yote miwili inapaswa kukunjika sawa, kama mwezi mupya. Upande mumoja ukiwa mugumu, chonga huo, usiguse ule mwingine. Ukiona pahali panapokunjika kama goti, usichonge tena pale. Chonga kandokando yake.

4. Santimetre 2 kutoka kila mwisho, kata pengo ndogo kandokando, kushoto na kuume, si ku mugongo. Kamba itakaa pale.

5. Kwaruza upinde wote mpaka uwe laini, na upakae mafuta ya mawese kidogo kidogo. Mafuta yanazuia muti usikauke kupita kiasi wakati wa kiangazi wala usinywe maji wakati wa mvua.

Usifanye haraka hapa. Muti ukishatoshwa haurudi. Mutu anayechonga kidogo na kuangalia sana anamaliza na upinde. Mutu anayechonga sana na kuangalia kidogo anamaliza na kuni.

Kamba

Kamba ya upinde haipaswi kunyooka kama mupira. Kwa hiyo kipande cha chambre à air ya kinga, ambacho watoto wanapenda, hakifai: kinafanya manati, hakifanyi upinde.

Ukitaka kufuata njia ya Waefe, chukua kekele, uipasue, utoe utepe wa upana wa milimetre 4 ao 5, uukwaruze upande wa ndani mpaka uwe mwembamba na laini. Uloweshe ndani ya maji mbele ya kufunga, sababu kekele kavu inakatika ku fundo. Ikikauka inakaa nguvu na inalia vizuri.

Ukikosa kekele, kamba ya nailoni ya kuloba samaki, iliyosokotwa, ni nzuri. Sokota nyuzi mbili ao tatu pamoja. Kamba ya katani nayo inatumika, ukiipakaa buji. Nyuzi za mugomba zinapendeza lakini hazikai siku nyingi.

Kamba iwe fupi kupita umbali wa mapengo mawili, kwa santimetre 4 ao 5. Fanya kitanzi ku mwisho mumoja, ule mwingine fungia fundo ambalo unaweza kulifungua. Upinde ukiwa umefungwa, umbali kati ya kamba na pahali pa mukono uwe santimetre 10 mpaka 13.

Siku ya kwanza vuta nusu tu, mara 20 ao 30, bila mushale, ukirudisha kamba polepole kwa mukono. Usiiachilie bila mushale hata siku moja. Nguvu ambayo ingeenda ku mushale inarudi ku muti, na upinde unapasuka.

Mishale

Mushale wa mutoto ni kitu tofauti kabisa na mushale wa muwindaji. Hauna chuma, hauna ncha, na hata haupaswi kuwa na kijiti kilichochongwa. 

Tumia tete lililokauka, lililo sawa, la unene wa kalamu. Kama limepinda, lipitishe juu ya makaa ya moto, si juu ya ndimi za moto, na ulinyooshe likiwa bado na joto. Urefu unapimwa hivi: mutoto aweke mwisho wa mushale katikati ya kifua na anyooshe mikono yote miwili mbele, mushale ukiwa kati ya viganja. Mbele uzidi ncha za vidole kidogo. Mushale mufupi kupita hapo unaweza kuingia nyuma ya upinde na kumuumiza mukono.

Ku mwisho wa nyuma, kata pengo la milimetre 5 ao 6 la kuingiza kamba. Lilikate karibu na fundo la tete, ili fundo lizuie tete lisipasuke zaidi, na uzungushie uzi kwa nguvu hapo.

Jani la nyuma: kwa umbali wa vidole vinne kutoka pengo, pasua tete katikati kwa urefu wa santimetre 5, pitisha jani gumu lililokauka na kukunjwa mara mbili, kisha funga uzi mbele na nyuma ya mupasuo. Kata jani libakie na upana wa vidole viwili kila upande. Ukitaka manyoya ya kuku, chukua yale ya bawa moja, juu ya bawa la kushoto na la kuume yanapinda tofauti na yanavuruga mushale.

Kichwa cha mbele: chomeka tete ndani ya kipande cha gunzi la mahindi, kisha lizungushie kitambaa kingi na ulifunge vizuri mpaka liwe duara la upana wa santimetre 5 hivi. Kipimo hicho kina sababu. Shimo la jicho la mutu ni kama santimetre 4. Kichwa cha santimetre 5 kinagonga mufupa wa usoni, hakiingii ndani. Gunzi tupu bila kitambaa linaweza kuingia. Kila mara mbele ya kucheza, mukubwa avute vichwa vyote aone kama vimeshika. Mushale uliopoteza kichwa, ama tete lililopasuka, unavunjwa palepale na kutupwa.

Sheria za mchezo

Tunaandika sita tu, ili mutoto azishike kwa kichwa:

1. Hakuna mukubwa, hakuna upinde. Ukimaliza, upinde unatundikwa juu.

2. Mushale hauelekezwi ku mutu, ku ng'ombe, mbuzi, kuku wala mbwa. Hata kwa kuchekesha. Hata bila kuvuta.

3. Wote wasimame ku mustari mumoja. Hakuna mutu anapita mbele mpaka mishale yote imeisha na mukubwa amesema «twende».

4. Hakuna kupiga juu angani. Mushale unaoenda juu unarudi, na haujui unarudi juu ya nani.

5. Nyuma ya shabaha kuwe ukuta, kilima ao nyasi nyingi. Hapana njia ya watu, hapana dirisha.

6. Anayevunja sheria anaketi mpaka kesho. Mutoto wa shefu pia.

Shabaha nzuri na isiyo na bei ni shina la mugomba uliokwisha kuzaa. Kata kipande cha nusu metre, kisimamishe ku umbali wa hatua 5 kwa wadogo na 10 kwa wakubwa. Wakizoea, kata mugomba kama sahani na muwe munaubingirisha chini mbele yao: kupiga kitu chenye kutembea kunawachekesha kuliko kitu chochote. Na mabinti wacheze pia. Hakuna kitu ndani ya muti huo kinachojua kama mukono ni wa binti ao wa kijana.

Kama jicho limeguswa

Hata penye sheria nzuri, inaweza kutokea. Kama jicho limekwaruzwa tu na kuna muchanga ndani, lioshe kwa maji safi mengi, na upeleke mutoto ku kituo cha afya siku ileile kama bado linauma ao ni jekundu.

Kama kuna kitu kimechoma ndani ya jicho, usikivute. Usioshe, usibonyeze, usimwache mutoto afikiche. Usiweke maziwa ya mama, majani, wala dawa ya duka. Funika jicho kwa kikombe kidogo ao kitako cha chupa ya plastiki kilichokatwa na kulainishwa pembe, bila kugusa jicho lenyewe, na ukishikilie kwa bande. Mumubebe akiwa ameketi ao kichwa kimeinuliwa, na mwende ku hospitali haraka. Saa chache zinaweza kutofautisha jicho linalopona na jicho linalopotea. Usingoje mpaka kesho ili baba arudi.

Kutunza

Mchezo ukiisha, fungua kamba upande mumoja ili upinde upumuzike. Upinde unaolala na kamba unazoea kupinda na unapoteza nguvu. Utundike pahali pakavu, mbali na moto wa jiko. Kila mwezi upakae mawese kidogo. Angalia mugongo kwa vidole: ukisikia ufa, hata mwembamba kama unywele, upinde huo umeisha. Usiufunge na uzi ukasema «utakaa kidogo». Uvunje, na muchague tawi lingine.

Mutoto naye anakua. Upinde wa miaka 6 hautamufaa akiwa na 9; umupe mudogo wake. Na ule wa pili, mumuache yeye mwenyewe akwaruze, apime bido, afunge kamba, mukubwa akiwa kando. Wazee wenye kujua kazi hii hawako wengi tena, na wengi walikimbia na kuacha pori lao nyuma. Kama muko na mumoja karibu, hata katika kambi, mumuombe akae na watoto mchana mumoja na kisu chake na tawi la mupera. Atawaonyesha katika saa moja mambo ambayo makala hii yote haiwezi kuonyesha, sababu muti unafundishwa na mikono.